Kamchatka: Rasi ya Theluji na Milima ya Moto



Mwenye ramani ya dunia na aifungue, atafute bara la Asia, kisha aifuate kwa kidole nchi ya Urusi kutoka magharibi kwenda mashariki. Atapita mito mikubwa ya Siberia mmoja baada ya mwingine, na kidole kikiwa karibu kutumbukia baharini ataona ulimi mrefu wa nchi unaoning'inia kuelekea kusini. Hiyo ndiyo Kamchatka. Urefu wake ni yapata maili 750. Upande wa magharibi iko Bahari ya Okhotsk, na upande wa mashariki Bahari ya Pasifiki. Huko kaskazini inashikamana na bara kwa shingo nyembamba tu, na hata leo hakuna njia ya gari moshi wala barabara ya kudumu iingiayo rasi hiyo kutoka sehemu nyingine za Urusi. Mgeni huja kwa meli au kwa ndege, mfano wa mtu aendaye kisiwani.

Mwanafunzi wa jografia atastaajabu akitazama mistari ya latitudo. Ncha ya kusini ya Kamchatka haiko mbali na Ikweta kuliko mji wa London, walakini London mvua hunyesha wakati wa baridi na watu huenda kazini na miavuli yao, na Kamchatka theluji huzika nyumba mpaka madirishani. Sababu ni bahari na upepo. Pwani za Uingereza hupashwa moto na maji ya uvuguvugu yatokayo pande za Amerika, lakini pwani ya Kamchatka husuguliwa na mkondo wa maji baridi utokao kaskazini, na wakati wa baridi upepo huvuma kutoka bara la Siberia lililoganda. Basi theluji huanza kuanguka mwezi wa Oktoba, na bondeni hukaa mpaka Mei.

Ajabu ya pili ni kwamba nchi hii ya barafu imejaa moto. Wataalamu wamehesabu volkano zipatazo 300, na karibu 30 katika hizo ziko hai. Mkubwa wao ni mlima Klyuchevskaya, ambao kimo chake ni karibu futi 15,600. Kilimanjaro chetu chaushinda kwa futi 3,700 hivi, lakini Kilimanjaro kimelala, na huo haulali. Hutoa moshi na kumwaga moto mara kwa mara, na kimo chake hubadilika kadiri unavyojijenga na kujibomoa. Wataalamu waeleza hivi: sakafu ya Bahari ya Pasifiki ni kama bamba kubwa la mwamba linalosogea polepole, inchi tatu hivi kwa mwaka, na likifika pwani ya Kamchatka huzama chini ya nchi kavu. Huko chini miamba huyeyuka, kisha hupanda juu na kutafuta mahali pa kutokea. Na bamba likinasa kwa miaka mingi, halafu likaachia kwa ghafula, nchi hutetemeka na bahari huinuka.

Kati ya milima hiyo mmoja waitwa Bezymianny, yaani Usio na Jina, na jina hilo laonyesha jinsi ulivyodharauliwa. Watu walidhani umekufa zamani. Mwaka 1955 ukaanza kuamka, na tarehe 30 Machi, 1956, ubavu wake mmoja ukapasuka, majivu yakapanda angani zaidi ya maili 20. Haukuua mtu, kwa kuwa hakuna aliyekaa karibu.

Wenyeji wa zamani walikuwa na maelezo yao juu ya moto huo. Walisema mapepo ya milimani hushuka usiku kuvua nyangumi baharini, kila pepo akirudi na nyangumi wake, kisha huwaoka huko kileleni; moto uonekanao usiku ni moto wa jiko lao. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wasicheke upesi. Mtu aliyetunga maelezo hayo alikuwa ameutazama mlima kwa makini, akajua kwamba moto haukosi mwenye kuuwasha, akaitafuta sababu katika mambo aliyoyajua: bahari, nyangumi na jiko.

Moto huo wa chini unayo faida pia. Mwaka 1941 mtaalamu mwanamke wa Kirusi, Tatyana Ustinova, pamoja na Anisifor Krupenin aliyekuwa kiongozi wake wa njia, walifika katika bonde ambalo maji ya moto huruka kutoka ardhini kama yaliyopulizwa kwa bomba, hunyamaza, kisha huruka tena kwa vipindi vyake. Na mwaka 1966, mahali paitwapo Pauzhetka, Warusi walianza kuendesha mitambo ya umeme kwa mvuke utokao ardhini. Kazi ni ile ile ianzishwayo Kenya mwaka 1981 huko Olkaria, karibu na Naivasha, ijapokuwa moto wa Bonde la Ufa una chanzo kingine: huko Kamchatka bamba moja lazama chini ya jingine, na huku kwetu nchi yapasuka na kuachana.

Sasa tuwatazame watu. Kusini na katikati ya rasi walikaa Waitelmeni, ambao Warusi waliwaita Wakamchadali. Jina lao wenyewe maana yake ni wakaao hapa. Kaskazini walikaa Wakoryaki, nao walikuwa namna mbili: wale wa pwani, waliowinda nyangumi na sili, na wale wa bara, waliohamahama na makundi ya reindia, wanyama wa jamii ya kulungu wanaofugwa kama ng'ombe na kula kuvu za mawe zilizofunikwa na theluji. Ncha ya kusini kabisa walikuwapo Waainu, ndugu za Waainu wa visiwa vya Japani.

Muitelmeni hakulima wala hakufuga ila mbwa. Chakula chake kilikuwa samaki, hasa samoni. Samaki huyu huzaliwa katika maji matamu ya mto, huteremka baharini akiwa mdogo, hukaa huko miaka kadha, kisha hurudi katika mto ule ule alimozaliwa. Hupanda akishindana na maji, hataki chakula, rangi yake hugeuka kuwa nyekundu. Hutaga mayai, na baada ya kutaga hufa. Wakati wa kiangazi mito ya Kamchatka hujaa samaki hao hata maji huonekana kuchemka. Dubu huja kula, tai huja kula, na mizoga iliyosalia huwa mbolea ya miti ya kandokando ya mto. Watu nao wakati huo hawakulala. Walikuwa na miezi michache ya kutafuta chakula cha mwaka mzima, na aliyekuwa mvivu wakati wa samaki alikufa njaa wakati wa theluji, yeye na mbwa wake.

Kwa hiyo walikuwa na nyumba mbili. Ya kiangazi ilisimama juu ya miti mirefu, kama dungu la mlinda shamba, na chini yake walianika samaki waliopasuliwa, upepo ukawakausha. Ya baridi ilichimbwa ardhini, ikaezekwa kwa miti, majani na udongo, na mlango wake ulikuwa tundu la moshi juu ya paa. Mtu alishuka kwa gogo lililochongwa vidato, moshi ukimwingia machoni. Samaki wengine walizikwa mashimoni mpaka wakachacha, na wazungu waliosafiri huko wameandika mengi juu ya harufu yake. Lakini chakula hicho kiliwalisha watu na mbwa, na mbwa ndio waliovuta sleji, yaani gari lisilo na magurudumu liteleza juu ya theluji. Pasipo samaki hapana mbwa, na pasipo mbwa hapana safari.

Hadithi zao nyingi zilimhusu kunguru aitwaye Kutkh. Ndiye aliyeifanya nchi, walisema, tena hawakumwogopa. Walimcheka kwa upumbavu wake, wakasema kama angalikuwa na akili zaidi asingaliweka milima mingi na mito yenye kasi namna ile.

Mwaka 1697 Vladimir Atlasov, Mkosaki aliyetumikia mfalme wa Urusi, alitoka katika ngome ya Anadyr huko kaskazini na watu wapatao 120. Wakosaki walikuwa askari wa mipakani, na karibu nusu ya kundi lile walikuwa Wayukagiri, wenyeji wa Siberia. Kilichowavuta ni manyoya ya soboli, mnyama mdogo mwenye umbo kama nguchiro, ambaye ngozi yake ilinunuliwa kwa bei kubwa sana katika miji ya Ulaya na China. Karibu na mto Kamchatka Atlasov alisimamisha msalaba kuonyesha kwamba nchi ni ya mfalme wake. Wenye nchi hawakuulizwa.

Katika safari ile alimkuta mtu wa ajabu katika mikono ya wenyeji. Alikuwa Mjapani, jina lake Dembei, karani wa biashara kutoka mji wa Osaka. Dhoruba iliikamata meli yao, ikaitupa Kamchatka. Atlasov akamchukua, na hatimaye akapelekwa Moscow, maelfu ya maili kwa nchi kavu, na mwezi wa Januari, 1702, akasimama mbele ya Mfalme Peter. Mfalme alimsikiliza, akaamuru ajifunze Kirusi, kisha awafundishe vijana wa Kirusi lugha ya Kijapani. Dembei hakurudi kwao tena. Mwaka 1729 meli nyingine ya Kijapani ilivunjika pwani ya kusini ya Kamchatka. Mkosaki mmoja, Andrei Shtinnikov, akawaua watu wake ili apate mali yao. Wakasalia wawili, Sozo na kijana mdogo Gonza, mwana wa rubani. Hao nao wakapelekwa Saint Petersburg, wakawekwa kuwa waalimu, na Gonza akasaidia kutunga kamusi ya kwanza ya Kirusi na Kijapani, yenye maneno kama 12,000. Alikufa mwaka 1739, umri wake miaka 21. Mimi nifanyaye kazi ya kuwafundisha waalimu nimesoma habari za waalimu wengi mashuhuri, lakini sijui mwingine aliyetimiza kazi kubwa kiasi hicho katika miaka michache hivyo, tena mbali hivyo na mama yake.

Turudi Kamchatka. Kodi ilikuwa ya manyoya: kila mwanamume aliandikiwa ngozi yake ya mwaka. Lakini serikali ilikuwa mbali, na barua kutoka Kamchatka ilichukua miezi mingi kufika. Mkusanya kodi alichukua ngozi ya mfalme, kisha yake mwenyewe, kisha ya mwenzake. Walichukua watu rehani wakawafunga ngomeni, na asiyeweza kulipa alinyang'anywa mke au watoto wakawa watumwa. Wakosaki walidhulumiana hata wao kwa wao: Atlasov mwenyewe aliuawa na watu wake mwaka 1711.

Waitelmeni waliasi mara kadha. Maasi makubwa yalikuwa ya mwaka 1731, na kiongozi wake alikuwa Fyodor Kharchin, mtu aliyekwisha kubatizwa na kuijua vizuri desturi ya Warusi. Alingoja mpaka Wakosaki wengi wameondoka kwenda chini ya mto penye meli, ndipo akaiteka ngome ya Nizhne-Kamchatsk. Lakini upepo uliizuia meli isiende mbali. Habari zikawafikia, wakarudi na mizinga. Ngome ikapigwa, baruti ikalipuka, na Kharchin baadaye akakamatwa. Serikali ilituma watu kuchunguza, nao wakaona wazi kwamba dhuluma ndiyo iliyozaa maasi. Wakanyongwa viongozi wa maasi, na wakanyongwa pia Warusi watatu wa wakusanya kodi, mmoja wao akiwa yule Shtinnikov aliyewaua Wajapani. Hukumu ya namna hiyo ilikuwa nadra siku zile katika nchi zilizotekwa, na haifai kuisahau; lakini waliokufa hawakufufuka, na kodi haikufutwa.

Habari nyingi za watu hao tumezipata kwa kijana mmoja mwanafunzi wa Kirusi, Stepan Krasheninnikov, aliyekaa Kamchatka tangu 1737 mpaka 1741. Kitabu chake kilitolewa mwaka 1755. Alitumwa pamoja na msafara mkubwa wa Vitus Bering, nahodha wa Kidenmaki aliyeitumikia Urusi. Watu wa Bering ndio walioanzisha mji wa Petropavlovsk mwaka 1740, wakauita kwa majina ya meli zao mbili, Petro Mtakatifu na Paulo Mtakatifu. Mwaka uliofuata walifika Amerika, wakati wa kurudi wakapotea, meli ikavunjika katika kisiwa kisicho na watu mashariki ya rasi, na Bering akafa hapo mwezi wa Desemba, 1741.

Waliosalia waliponea kwa nyama ya mnyama ambaye watu wa pwani yetu wangalimtambua. Alikuwa nguva. Si nguva wa Lamu wala wa Rufiji, bali ndugu yake mkubwa mno, aliyefikia futi 25 na zaidi, asiye na meno, aliyekula mwani karibu na ufuko bila kumwogopa mtu. Georg Steller, daktari wa msafara, alimpima na kumwandika habari zake, na hakuna mtaalamu mwingine aliyemwona akiwa hai. Mabaharia walijenga chombo kwa mbao za meli iliyovunjika, wakarudi Petropavlovsk mwaka 1742 na shehena ya ngozi za fisi-maji wa baharini. Ngozi zile zilipoonekana, wawindaji walimiminika visiwani, wakamfanya nguva yule kuwa posho yao. Wa mwisho ajulikanaye aliuawa mwaka 1768. Tangu kujulikana kwake mpaka kwisha kwake ni miaka 27.

Mwaka ule ule wa 1768 ndui iliingia Kamchatka. Wenyeji hawakuwa wameijua, wakafa maelfu. Wakati wa Atlasov Waitelmeni walikuwa zaidi ya 10,000; baada ya vita, kodi na ndui, vijiji vingi vilibaki mashimo ya nyumba yaliyoota majani.

Rasi hiyo ilitumiwa pia kuwa kifungo. Mwaka 1771 wafungwa waliohamishiwa Bolsheretsk, wakiongozwa na Maurice Benyovszky kutoka Hungaria, walimwua mkuu wa ngome, wakaiba meli, wakasafiri mpaka Macao kusini mwa China. Benyovszky akaenda Ufaransa, na mwaka 1774 Wafaransa wakamtuma kujenga makao katika kisiwa cha Bukini. Huko ndiko alikouawa mwaka 1786, akipigana na askari wa Wafaransa wale wale. Aliandika kitabu cha maisha yake, na aliyekisoma lazima apunguze mengi, maana mwenyewe alijisifu kupita kiasi.

Waingereza nao walifika mwaka 1779, katika meli mbili za Kapteni Cook. Cook mwenyewe alikuwa amekwisha uawa Hawaii. Magnus Behm, mkuu wa Kamchatka, aliwapa ng'ombe na unga kwa ajili ya mabaharia wenye njaa, akakataa kabisa malipo; tena alipokuwa akirudi kwao akazichukua barua zao kwa njia ya Siberia. Kwa barua hizo watu wa London walipata habari ya kifo cha Cook, mwezi wa Januari, 1780. Kapteni Clerke, aliyeshika mahali pa Cook, alikufa kwa kifua kikuu mwezi wa Agosti, akazikwa Petropavlovsk. Miaka 75 baadaye Waingereza walirudi kwa nia nyingine. Wakati wa vita vya Crimea, mwaka 1854, merikebu sita za Waingereza na Wafaransa zilikuja kuuteka mji ule mdogo. Kabla ya mapigano kuanza, Admirali Price wa Uingereza alijipiga risasi. Askari kama 700 waliteremshwa, wakafukuzwa kilimani mpaka majini. Mwaka uliofuata merikebu zilikuja tena, zikaukuta mji mtupu, maana Warusi walikuwa wamekwisha kukata barafu bandarini na kwenda zao.

Mwaka 1867 Urusi iliiuzia Marekani nchi ya Alaska, na tangu hapo Kamchatka ilisahauliwa kwa muda. Katika karne ya ishirini serikali ya Kisovieti iliifanya kuwa ngome ya manowari, ikaifunga: mgeni hakuruhusiwa kuingia, hata raia alihitaji kibali, mpaka mwaka 1990. Kwa siri hiyo hiyo lilifichwa jambo la Novemba, 1952, wakati tetemeko kubwa la nchi lilipoinua bahari na mawimbi yakaufagilia mbali mji wa Severo-Kurilsk, katika kisiwa kilicho karibu na ncha ya rasi. Walikufa zaidi ya watu 2,000, na magazeti hayakusema neno. Mwezi wa Julai, 2025, nchi ilitetemeka tena karibu kwa nguvu ile ile. Safari hii dunia nzima iliarifiwa kwa dakika chache, watu wa pwani zote za Pasifiki wakaambiwa wapande mahali pa juu. Na katika hospitali moja ya Petropavlovsk madaktari waliokuwa wakimpasua mgonjwa walimshikilia kitandani, nyumba ikiyumba, wakaendelea na kazi yao.

Leo katika jimbo lote wamo watu wasiofika 300,000, na zaidi ya nusu wanakaa Petropavlovsk. Wengi ni Warusi. Waitelmeni ni kama 3,000. Mwaka 1932 walipata kitabu chao cha kwanza cha kusomea kwa herufi, lakini baada ya miaka michache mpango ule uliachwa. Watoto walitiwa katika shule za bweni, wakafundishwa kwa Kirusi na kukatazwa kusema lugha yao, na kati ya miaka ya 1950 na 1970 vijiji vingi vilifungwa na watu wake kuhamishwa. Ndipo mtoto akarudi nyumbani likizo akiwa hawezi kuzungumza na nyanya yake. Katika miaka ya 1980 yalitengenezwa maandishi mapya, na kitabu cha kusomea kikatokea tena mwaka 1988. Lakini waliobaki wakiijua lugha tangu utotoni walikuwa wazee, na sasa ni wachache mno.

Kijiji chao kikubwa ni Kovran, pwani ya magharibi. Kila mwaka mwezi wa Septemba, samaki wakiisha kukauka na kuwekwa akiba, hukusanyika huko kwa sikukuu ya kushukuru waiitayo Alhalalalai, ambayo ilikuwa imeachwa kwa miaka mingi. Hufuma duara kubwa la majani na vijiti vya mti, na kila mtu, mzee kwa mtoto, hupita katikati yake ili mabaya ya mwaka yabaki nyuma. Kisha hupigwa ngoma, na watu hucheza mpaka usiku, upepo wa Okhotsk ukiwa umekwisha anza kuwa baridi.